Kibao cha Katikati

3 Juni

Nimeripoti kazini leo. Mwaka wangu wa utumishi wa taifa umeniangukia huku kwa Wafrafra, mimi Eulalia Bayuo, Mdagaaba wa Jirapa, mwenye stashahada ya elektroniki na hofu ya radi, ng'ombe na wakubwa wa kazi. Ofisi ya bwawa ni chumba kimoja kilimani, pale tuta linapoishia. Msimamizi, Bwana Ayamdoo, alinisalimu kwa mkono wa kushoto akaniomba radhi, maana wa kulia ulishika kitambaa cha kufutia kompyuta.

"Binti, hii nimeiomba serikalini mpaka nikaota mvi," alisema. "Ukitaka kuigusa, nawa kwanza."

Mpangilio wenyewe ni mwepesi. Ndani ya tuta yamezamishwa mabomba manne membamba, na chini ya kila bomba kuna kipimo kinachohisi maji yamepanda kiasi gani humo tumboni. Nyaya zinatoka huko, zinapanda kilima hadi kwenye sanduku la plastiki mezani kwetu. Sandukuni mna vibao vinne vya saketi, kila kimoja na ukubwa wa kiberiti, na kila kimoja kina waya wake wa USB unaoingia kwenye kompyuta. Programu inachora nguzo nne: Mwamba, Katikati, Mfereji, Ukingo. Nguzo ikiwa ya kijani, tuta ni kavu ndani. Ikiwa ya njano, uangalie. Ikiwa nyekundu, maji yanalila tuta kutoka ndani.

Kazi yangu ni kuzisoma asubuhi na alasiri, kisha kumwambia Bwana Ayamdoo, ambaye tayari ameziona.

5 Juni

Nimepata chumba Kulaabiisi, kijiji kilicho chini ya tuta, mkabala na sehemu ya katikati kabisa. Ukisimama uani, tuta limeziba nusu ya anga. Mwenye nyumba ni Mma Atipoka, mjane msuka vikapu, magoti mabovu, sauti nzima. Aliponiuliza kwetu wapi nikamjibu, alitupa kikapu chini.

"Atubiga! Njoo uone! Wametuletea Mdagaaba! Fungieni mbwa!"

Nilikuwa nimesahau. Watu wangu na hawa ni watani tangu enzi za mababu, kwa ugomvi wa kichwa cha mbwa ambacho kila upande unadai kuibiwa. Huku utani si mchezo wa siku moja. Mtani anaingia jikoni kwako na kufunua chungu. Msibani kwako anaficha jembe la wazishi mpaka likombolewe. Anasema lolote, na hakasirikiwi.

Atubiga ni kitinda mimba wa Mma, na ni mmoja wa wazishi wa ukoo, kazi ya kurithi. Alinipima kwa macho toka kichwani hadi miguuni.

"Mfupi. Huyu kaburi lake nitalichimba kwa kijiko."

"Kijiko utakitoa wapi?" nikajibu. "Sisi tunajua mnachojua kuiba ni vichwa vya mbwa tu."

Nilishangaa ulimi ni wa nani. Mma alicheka hadi akashika magoti.

11 Juni

Manyunyu. Watu wanapanda njugu mawe. Kijani zote.

19 Juni

Radi kubwa. Umeme ulikatika ukarudi, ukakatika ukarudi. Kila uliporudi kompyuta ilijiwasha, na programu ikatafuta vibao vyake upya. Mimi nilikuwa chini ya meza. Bwana Ayamdoo aliinama kunichungulia.

"Radi haina orodha ya wafanyakazi, binti. Toka huko."

Nilipotoka nguzo nne zilikuwa zimesharudi. Kijani.

2 Julai

Nguzo ya Mwamba imekuwa njano. Nilimfuata Bwana Ayamdoo hadi kwenye bustani yake ya bamia.

"Mwamba hunywa," alisema bila kuinua kichwa. "Upande ule tuta limeegemea jabali, na jabali lina nyufa. Kila mvua hunywa, likishiba hutema. Ya kuogopwa ni Katikati. Katikati ikoje?"

"Kijani, mzee."

"Basi kapike."

9 Julai

Mtama wa kwanza unakaribia kukomaa. Leo wanawake wamegundua chemchemi mpya chini ya tuta, hatua chache nyuma ya ua wetu. Maji meupe kama kioo, baridi, matamu. Mma Atipoka alitaka apelekwe akaone. Atubiga akambeba mgongoni, naye akamchapa kwa kanga kama punda. Mzee Aberinga, mkuu wa ukoo, akamwaga unga wa mtama pale majini kuwashukuru waliotangulia.

Nilikunywa. Ni matamu kweli. Lakini nilipoinua macho nilikuwa natazama tuta, na sikuweza kumeza funda la pili.

10 Julai

Mvua kutwa. Nimefua, hakuna kilichokauka.

14 Julai

Mwamba inazidi kupanda. Katikati kijani, imetulia kama maji ya mtungini. Chemchemi imepanuka. Wanachota ndoo sita kwa mara moja.

17 Julai

Nitaandika polepole, hatua kwa hatua.

Asubuhi niliwakuta sisimizi wameingia kwenye sanduku la vibao, wakikimbia mvua. Bwana Ayamdoo alikuwa mjini. Nilinawa. Nikachomoa waya wa kibao chenye karatasi iliyoandikwa MWAMBA ili nikipanguse. Skrini ikalia, ikaandika: Katikati haipatikani.

Nikadhani nimekosea kusoma. Nikakirudisha. Nikachomoa chenye karatasi ya KATIKATI. Skrini ikaandika: Mwamba haipatikani. Vile vingine viwili vilijibu kwa majina yao sahihi. Hivi viwili vimebadilishana.

Nilikaa chini nikafikiri kama nilivyofundishwa. Kompyuta haivijui vibao kwa sura. Kila kinachochomekwa hupewa namba ya mlango, na programu yetu imeambiwa tu: cha mlango wa tatu ni Mwamba, cha mlango wa nne ni Katikati. Umeme unaporudi vibao huamka pamoja na kukimbilia milango, na kinachowahi ndicho kinachopata. Tangu siku ile ya radi, viwili vimekalia viti visivyo vyao, na programu inaendelea kuviita kwa majina ya viti.

Kwa hiyo jabali ndilo lililo kavu. Linalokunywa ni tuta, pale katikati, juu ya nyumba ninayolala.

Au karatasi zilibandikwa vibaya. Naomba iwe karatasi.

18 Julai

Nilihitaji mtu wa kwenda kwenye tuta nami nibaki kwenye skrini. Nikamwomba Atubiga.

"Nimwage ndoo ya maji ndani ya bomba?" alisema. "Mtani, hata wendawazimu wenu una mpango."

Alisimama juu ya tuta, simu sikioni, mguu mmoja kwenye kofia ya bomba la katikati, lile lenye rangi nyekundu lililo usawa wa nyumba yao.

"Nimwage?"

"Mwaga."

Kwenye skrini, Katikati haikutikisika. Nguzo ya Mwamba ikaruka ghafla, ikagusa nyekundu, kisha ikaanza kushuka taratibu.

"Imelewa?" aliuliza.

"Imelewa. Ila aliyelewa ni mwingine."

Alipanda ofisini akasimama mlangoni, miguu ina tope, hakuingia. Nilimwonyesha kwa kidole. Nilidhani atatania. Alitazama nguzo ile muda mrefu.

"Kwa hiyo, hiyo inayopanda ni ya kwetu," alisema.

"Ni ya kwenu."

"Na chemchemi?"

Nikaigusa tena nguzo ile ile.

19 Julai

Nilimwambia Bwana Ayamdoo kila kitu. Nilikuwa nimejifunza maneno kwa moyo, nikayasema nikitazama viatu vyake.

"Mlimwaga maji ndani ya kipimo cha serikali?"

"Ndoo moja, mzee."

"Wewe na mzishi." Alivua miwani. "Binti, nisikilize. Nimekaa na tuta hili tangu hujazaliwa. Jabali limekunywa kila mwaka, na mwaka huu skrini inasema linakunywa. Wewe unaniambia mwaka huu jabali limeacha kiu? Unataka nifungue lango, nimwage maji ya mpunga wa watu wote, kwa sababu ya sisimizi?"

Maneno yake yana akili. Hilo ndilo linaloniogopesha zaidi.

20 Julai

Nilimpigia mhandisi aliyetengeneza programu. Yuko Bolga. Alinisikiliza hadi mwisho, akavuta pumzi.

"Kompyuta hufanya hivyo, dada. Dawa yake ni kila kibao kiwe na jina lake ndani ya kumbukumbu yake. Kikiunganishwa, programu ikiulize: wewe nani? Kijibu chenyewe. Basi mlango haujalishi."

"Utakuja lini?"

"Barabara ikikauka."

"Na sasa?"

"Sasa nitakutumia faili za programu. Umesoma, jaribu. Lakini mimi sijakuambia."

Ofisi ya wilaya wao walisema msimamizi ndiye anayepaswa kuwapigia.

21 Julai

Jana jioni tulipokuwa tukila niliwaambia watu wa nyumba. Walikuwa wote, na Mzee Aberinga ameegemea ukuta, mkono nyuma ya sikio. Nilisema tuta linalowa kwa ndani. Nilisema tuhamie shuleni kilimani mpaka mvua zipungue.

Kisha Mzee Aberinga akauliza, "Anasemaje?"

"Anasema tuhame, baba," Mma Atipoka akamwambia kwa sauti ya juu.

"Ahaa. Tukihama nani atabaki na mbwa?"

Walicheka mpaka watoto wakaanguka chini. Mma alijifuta machozi kwa pindo la kanga. "Mdagaaba! Miaka yote tunawasubiri mje na hila mpya!" Nami nikasema, siyo utani, naapa kwa Mungu, na kadiri nilivyoapa ndivyo walivyocheka, maana hivyo ndivyo mtani mzuri anavyofanya. Hata Atubiga aliposema, "Mma, mimi nimeiona," walimpigia makofi kwamba nimemfunza vizuri.

22 Julai

Watoto wameanza kunifuata njiani wakiimba, "Maji yanakuja! Mdagaaba mbele, mbwa nyuma!"

25 Julai

Mvua. Mwamba, yaani Katikati, imebakiza kidogo kufika nyekundu. Nimeanza kuandika programu. Naandika kwenye kompyuta yangu ndogo, nikiwa nimeketi kitandani, natazama juu kila dari inapotoa sauti.

28 Julai, Jumapili

Bwana Ayamdoo alikuwa kanisani. Nilichukua kibao kimoja kimoja, nikakiandikia jina ndani yake, kisha nikaweka programu mpya. Nikazima kompyuta, nikachomoa nyaya zote, nikazichomeka kombo kwa makusudi. Nikawasha.

Programu ikauliza kila mlango: wewe nani? Na vibao vikajibu. Mfereji. Mwamba. Ukingo. Katikati.

Mwamba kijani. Katikati nyekundu.

Nilifurahi. Naandika jambo hili kwa aibu. Kwa muda mfupi nilifurahi kwa sababu ilifanya kazi, kabla sijakumbuka ilikuwa inasema nini.

29 Julai

Bwana Ayamdoo alisimama mbele ya nguzo nyekundu, mikono nyuma.

"Umefanya nini na mashine yangu?"

Nilimweleza. Nilimwomba achomoe waya wowote na aone kama jina linabaki na kibao chake. Alichomoa. Jina lilibaki. Akachomoa mwingine. Likabaki. Nilimwona akielewa, naapa nilimwona. Kisha simu yake ikalia, nikasikia sauti ya mkubwa kutoka mkoani ikiuliza kama maandalizi ya ugeni yanakwenda vizuri, maana wageni wanakuja mwezi wa tisa kuona bwawa la mfano.

"Vizuri kabisa, mheshimiwa," alisema. Akakata simu, akachomoa waya wa Katikati, akaukunja, akautia mfukoni.

"Kuanzia leo unashughulika na risiti za mbegu, kule ghalani. Ufunguo nipe."

6 Agosti

Mvua usiku na mchana. Ghala lina panya. Kupitia dirisha la ofisi naona nguzo tatu za kijani, na pengo.

11 Agosti

Atubiga amehamishia mbuzi wao shuleni. Amemwambia mama yake kuna majani mazuri. Anarudi jioni kulala, kwa sababu Mma hataki kuondoka na yeye hataki kumwacha.

"Nimwambie nini?" aliniuliza. "Nikisema ukweli, anasema nimepakwa ulimi wako."

"Mimi nitajaribu tena."

"Wewe usijaribu. Ukijaribu wanafurahi."

15 Agosti

Chemchemi imebadilika rangi. Asubuhi ilikuwa kama maji ya kuoshea mchele, jioni kama chai ya maziwa. Wanawake wanalalamika kwamba inachafua nguo. Maji meupe yalikuwa yanapita tu. Haya yanabeba udongo, na udongo huo hauna pa kutoka ila tumboni mwa tuta.

Nilikwenda nyumbani kwa Bwana Ayamdoo. Mkewe alisema amelala. Niliona miguu yake chini ya pazia.

19 Agosti

Mzee Aberinga amefariki alfajiri, usingizini, bila taabu. Atazikwa kesho. Wamepika pombe ya mtama, ndugu wanakuja kutoka kila upande. Nyumba ambayo ilikuwa na watu ishirini, kesho itakuwa na mia, chini ya tuta.

Atubiga anachimba kaburi nyuma ya ua, karibu na chemchemi. Anasema kila anapochota udongo, shimo linajaa maji ya chai.

"Mtani," aliniambia bila kuinua kichwa, "kesho ndiyo siku yako. Kesho unaruhusiwa kufanya lolote."

Nilielewa baadaye, nikiwa kitandani, na sikulala.

20 Agosti

.

21 Agosti

Sijaweza.

24 Agosti

Sasa nitajaribu, kabla akili haijaanza kuipanga vizuri siku ile ya maziko.

Mchana mvua ilikuwa imekatika na jua limetoka kali. Ngoma zilikuwa zinapigwa. Wazishi walikuwa wamekwisha kumwingiza Mzee Aberinga kaburini, na lilibaki jambo moja: kaburi la huku mdomo wake ni mduara, hufunikwa kwa chungu kikubwa kilichofinyangwa kwa kazi hiyo. Bila chungu hicho maziko hayajaisha, na hakuna anayeruhusiwa kula.

Chungu kilikuwa kimewekwa kivulini. Nilikitazama. Mimi huogopa hata kuomba chumvi kwa jirani. Nikakiinua, nikakiweka kichwani, nikapiga yowe: "Kichwa cha mbwa wetu mlichoiba, leo nimelipiza!" Nikakimbia.

Nilisikia kicheko kikipanda nyuma yangu kama moto wa nyasi. Vijana walinifuata kwanza. Nilikuwa napanda njia ya kilimani kuelekea shuleni, miguu inateleza, chungu kinaniumiza fuvu. Nilipofika uwanjani nilikiweka juu ya jiwe, nikashika jiwe jingine mkononi.

"Anayesogea, navunja!"

"Haya, mtani, tuambie," akasema binamu mmoja akihema na kucheka. "Unataka kanga? Pombe?"

"Sitaki kanga. Nataka kuombwa. Kila mtu wa nyumba ile aje hapa apige magoti, aseme kwa kinywa chake kwamba Wadagaaba ndio wakubwa. Kila mtu. Wapiga ngoma. Vikongwe. Mtoto mchanga aletwe, mama yake aseme kwa niaba yake. Akikosekana mmoja, chungu kwaheri!"

Wakapiga makofi. Walisema hawajaona mtani wa namna hii tangu utoto wao. Binamu akawapigia simu walio chini, nao wakaanza kuja, mstari mrefu wa watu wenye nguo za msiba, ngoma mbele, wakicheka, wakiinuana kwenye tope. Mma Atipoka alikuja mgongoni kwa mpwa wake, akinitukana kutoka mbali: "Mwizi! Mchawi mfupi! Nikikushika nitakusuka kikapu!" Alifika, akapiga magoti yake mabovu huku amemshika mpwa begani, akasema Wadagaaba ni wakubwa, wakubwa wa tumbo. Kicheko kikawa cha kuzibua masikio.

Niliwahesabu kwa macho. Hakuwepo Atubiga.

"Atubiga yuko wapi?"

"Yeye hawezi," akasema mzishi mwenziwe aliyekuwa amekuja. "Kaburi halijafunikwa. Mmoja wetu lazima akae nalo."

"Nimesema kila mtu!"

"Mtani, hilo halina utani. Kaburi wazi haliachwi."

Nilimpigia simu. Alipokea upesi. Nilisikia maji nyuma ya sauti yake.

"Wamefika wote?" aliuliza.

"Wote. Panda. Panda sasa hivi."

"Mma?"

"Yupo hapa. Atubiga, panda."

"Nikipanda watajiuliza kwa nini mzishi ameacha kaburi, watateremka kunirudisha. Wanawajua wazishi wao." Akaongeza: "Omba jambo jingine, mtani. Jambo refu."

Nikaomba. Sikumbuki yote. Nilitaka waimbe wimbo wa kwetu, niliwasahihisha maneno, nikawarudisha mwanzo. Nilitaka mpiga ngoma acheze kama mbuzi. Wengine walikuwa wameanza kuchoka, binamu alisema jua linakwenda na njaa inauma. Mma Atipoka ndiye aliyenitazama kwanza bila kucheka. Nadhani aliona nilikuwa ninalia wakati wote.

"Binti," alisema. "Ni nini?"

Tuta halikupasuka kwa kishindo. Lilikaa chini. Sehemu ya katikati ililegea na kushuka, kama mtu aliyechoka kusimama, na kwa kitambo hakukuwa na sauti yoyote. Kisha maji yakaja.

Chini kule, mtu mmoja alikuwa amesimama karibu na mdomo wa kaburi. Hakukimbia. Labda hapakuwa na pa kukimbilia. Mma alimwita kwa jina lake la utotoni ambalo sikuwahi kulisikia, na sitaliandika hapa.

Chungu kilikuwa bado juu ya jiwe.

4 Septemba

Tume imekuja kutoka mkoani. Bwana Ayamdoo amewaambia kwamba mtumishi wa muda aliingiza programu isiyoidhinishwa, na tangu hapo mashine haikuaminika. Alisema hivyo akitazama ukuta. Amekonda, shati limekuwa kubwa.

Walinitaka niunganishe vibao mbele yao. Waya wa nne ulikuwa bado mfukoni mwake; ilibidi aombwe autoe. Nikachomeka. Programu ikauliza, vibao vikajibu majina yao. Mwenyekiti alisogea karibu na skrini.

"Mbona Katikati ni ya kijani?" aliuliza.

"Kwa sababu hakuna maji pale, mheshimiwa," nilisema. "Hakuna tuta."

Mhandisi kutoka Bolga alikuwa amekaa nyuma kabisa. Aliinua mkono kama mwanafunzi. Akasema faili alinitumia yeye. Bwana Ayamdoo akafunika uso kwa kitambaa chake cha vumbi.

7 Septemba

Wamempata Atubiga kwenye mashamba ya mpunga ya mbali. Tunaishi shuleni, familia tatu kila darasa. Hakuna anayenitania. Watoto wananiamkia, wananipisha njia. Mtu mmoja aliniita madam. Usiku nawasikia wakisema kwa sauti ndogo, alijua, alijua, na sijui kama wanashukuru au wanaogopa.

9 Septemba

Mazishi. Wameanza kulaza wafu wao kilimani sasa. Sikutaka kwenda. Nilikuwa nimekaa nyuma ya darasa na begi langu. Mma Atipoka alikuja mwenyewe, ameshika ukuta, hatua moja moja.

"Mashine ilijua?" aliuliza.

"Ilijua, Mma."

"Toka lini?"

"Julai."

"Na wewe ulituambia."

"Niliwaambia."

Alikaa chini karibu yangu, ikamchukua muda kukunja magoti. Kule mbele ngoma zilikuwa zinapigwa bila moyo.

"Wamesimama tu," alisema hatimaye. "Hakuna aliyeficha jembe. Hakuna aliyemtukana. Mwanangu anazikwa kama mgeni." Akanishika kifundo cha mkono, mikono ya msuka vikapu ina nguvu. "Kwetu maiti isiyotaniwa haiendi. Amka."

"Mma, siwezi."

"Amka, Mdagaaba."

Watu walinipisha. Kaburi lilikuwa kavu, mduara safi, kazi ya wenzake. Alikuwa tayari chini, kwenye mkeka, amelazwa ubavu, uso umeelekea mashariki. Nilipiga magoti ukingoni. Sauti ikaja, nyembamba, lakini walio nyuma walisikia.

"Atubiga, mvivu wewe! Toka humo. Uliambiwa ulinde kaburi la mwenzio, hukuambiwa ujipatie lako!"

Hakuna aliyecheka. Upepo ulipita kwenye mtama. Kisha nyuma yangu Mma Atipoka akacheka, kicheko kimoja kirefu kilichopasuka katikati, na wengine wakakipokea kabla hakijaanguka.